Nilikuwa Mfuniko wa Baba

Nilimkalia baba yangu. Yeye alikuwa chini ya mablanketi mawili, ameinamia sufuria la maji yanayofuka, na mimi nilikuwa nje, makalio yangu yamebana pindo la blanketi ili mvuke usitoroke. Nilikuwa naimba pambio za kwaya kwa sauti nzito ambayo Mungu hakunipa. Alipogonga kutoka ndani, nikamgongea kutoka nje. Aliposema, "Fungua," nikamjibu, "Bado hujaiva."

Huo ndio ujinga wangu wa kwanza. Wa pili ulikuwa wa kunyamaza, jambo ambalo walimu wangu wote wangeapa kwamba siliwezi.

Baba yangu alikuwa mkanyagaji. Hapa Kanoni kila nyumba ina ndizi, lakini si kila nyumba ina miguu. Ukitaka rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kuwafanya wakwe waondoke wakikusifu, unavundika ndizi za pombe shimoni mpaka zilainike, unazimenya, unazimwaga pamoja na nyasi kwenye gogo lililochongwa kama mtumbwi, halafu anaingia mwanamume aliyenawa miguu akasuguliwa hadi magotini. Anakanyaga mpaka juisi iachane na makapi. Baba akiingia kwenye gogo, watoto tulikuja kutazama kama tunavyotazama mpira. Alikuwa na mwendo wake mwenyewe: kisigino, vidole, kisigino, geuka. Alikuwa anapiga soga na watu waliosimama kando huku miguu ikifanya kazi kivyake, kama vile si yake.

Kisha mguu wa kushoto ukaanza kuchelewa. Siku moja aliteleza akakaa kitako ndani ya juisi ya watu, na watu wakasema mkanyagaji ameionja kabla haijawa pombe. Mimi nilicheka kuliko wote. Baadaye jicho moja likaingia ukungu, na kila akiligeuza linauma. Akanunua miwani mnadani Omurushaka, ikamfanya afanane na mkuu wa shule aliyestaafu, ila kuona hakuona. Zahanati wakamtibu malaria. Wakamtibu taifodi. Jirani akashauri tumtafute aliyemwekea kitu njiani akakiruka. Halafu, tukiwa bado tunabishana, mambo yote yakaondoka yenyewe: jicho likafunguka, mguu ukaacha kuchelewa. Tukatoa shukrani kanisani, tukasahau. Hatukujua kwamba ule ugonjwa ni kama mgeni anayeaga vizuri kabisa, mnamsindikiza mpaka barabarani, mkirudi mnakuta begi lake liko chumbani.

Uliporudi, ulimkamata kuanzia kitovuni kwenda chini. Aliamka akaniambia, "Kijana, njoo unifinye mguu." Nikamfinya. "Nimesema finya." Nilikuwa nimeshafinya mpaka kucha zimeacha alama.

Ndipo tukafika Mwanza, kwenye hospitali kubwa. Ilikuwa likizo, kwa hiyo nilikwenda kama mbeba mizigo. Walimwingiza kwenye mashine ya kupiga picha ya ubongo na uti wa mgongo. Alipotoka alisema ni sawa na kulazwa ndani ya pipa huku watu wa ukoo wote wanaligonga. Wakamtoa maji ya mgongoni. Mwishoni daktari akaja akatutajia ugonjwa wenye herufi mbili tu, MS. Mimi niliona ugonjwa unaoangusha mtu mzima kiasi kile ungestahili jina refu zaidi.

Daktari akaeleza kwa kutumia waya wa chaja ya simu yake. Akasema mishipa ya fahamu ina ganda kama hili la plastiki, na askari wa mwilini, wale wanaopaswa kupigana na vijidudu, wamekosea adui, wanatafuna ganda. Ganda likiisha, ujumbe wa ubongo haufiki mguuni, au unafika umechelewa na umeharibika.

"Kama mbwa wetu," nikasema. "Baba akija amevaa koti la mvua, anamng'ata."

Daktari akanitazama, akasema ndiyo, kama mbwa wenu. Baba akacheka. Mama hakucheka. Aliuliza swali lake moja: "Atapona?"

"Mama, hatutibu ili uishe," daktari alisema. "Dawa ya kuuondoa moja kwa moja bado haipo. Tunatibu ili usimrukie tena, au umrukie mara chache. Kilicholiwa kingine kinajirudi, kingine hakirudi. Kwa hiyo kazi yetu ni kulinda kilichobaki. Wapo wanaotembea miaka mingi sana, wapo wanaohitaji fimbo, wapo wanaofika kwenye kiti cha magurudumu. Siwezi kukuahidi atakuwa yupi. Ninachokuahidi ni kwamba asiyeruka dozi ana nafasi nzuri kuliko anayeruka."

Dozi yenyewe ni dripu. Unakaa kutwa nzima, tone kwa tone, kila baada ya miezi sita, Mwanza. Askari waliochanganyikiwa wanapunguzwa. Tangu alipoanza, baba hakurukiwa tena, ila mguu ulibaki mzito, na jioni ulikuwa kama umeazimwa kwa mtu mwingine. Tena sista wa kliniki akatuonya: joto. Homa, jua kali, maji ya moto, moto wa jikoni. Ganda likiwa limeliwa, joto linauzidishia mshipa shida, na mtu anaweza kulegea ghafla.

Sista alilisema kama ushauri. Mama alilirudisha Kanoni kama sheria ya nchi. Baba marufuku kukaa karibu na moto. Marufuku kuoga maji ya moto. Marufuku shambani jua likishapanda. Ile nyumba ndogo ya kupikia, ambako alizoea kukaa jioni akichoma mahindi na kutania kila anayepita, akawa anaiona kwa mbali, moshi unatoka na vicheko vinatoka, yeye yuko barazani na shuka lenye majimaji shingoni.

Na mimi nikafungwa naye. Dada yangu mkubwa alikuwa anajiandaa kuolewa, mama yuko shambani, kwa hiyo baada ya shule zamu ilikuwa yangu. Wenzangu wa kidato cha tatu wanakwenda uwanjani, mimi nakwenda kumsogeza baba. Kivuli cha nyumba kinahama, na kiti kinahama nacho. Kila jua lilipomgusa kidole cha mguu alisema, "Mwanaume, sogeza gereza." Nikasogeza. Tunakaa. Anaangalia migomba, naangalia migomba. Migomba haina habari mpya. Nilikuwa namwigizia watu: mwalimu wa hesabu anavyopiga chafya, mzee wa kanisa anavyotafuta chenji ya sadaka. Alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu, halafu kicheko kinaisha na tunabaki pale pale, yeye na mguu wake, mimi na kiti chake. Kuna siku nilimchukia kwa muda mfupi. Naliandika hili haraka ili nilipite.

Posa ya dada ilipokubaliwa ndipo baba alipoanza kuota. Katika ukoo wetu, rubisi ya binti anayeolewa inaanzwa na miguu ya baba yake. Wengine wanaweza kumalizia, lakini anayeingia wa kwanza kwenye gogo ni baba. Kila mtu alikuwa anajua, na kila mtu alijifanya hajui, wakimwangalia baba magotini na kuhamisha macho.

Sasa, mimi na mdomo wangu. Nilikuwa nimemsimulia habari ya mlinzi wa shule yetu, aliyekuwa na mgongo uliopinda, akajifukiza nyungu ya majani, akatoka amenyooka akamkimbiza mwizi wa mabati. Kweli alijifukiza. Kweli kulikuwa na mwizi. Kukimbizana nilikuongeza mimi ili hadithi inoge.

Jumapili moja mama na dada walipokwenda ibadani, baba akaniita. "Ile nyungu ya mlinzi wenu iliwekwa majani gani?"

"Baba, si ulikatazwa joto?"

"Nilikatazwa na mama yako. Mama yako yuko wapi?"

"Kanisani."

"Basi na sheria yake iko kanisani. Kata mkaratusi, kata mchaichai."

Ningeweza kumwambia kwamba mlinzi hakukimbiza mtu. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini alikuwa ananitazama kama zamani, kama mtu mwenye mpango, na mimi nilikuwa nimechoka kuangalia migomba. Nikakata majani. Nikachemsha. Nikajiona mganga.

Masharti aliyaweka mwenyewe: "Usinifungulie mpaka niseme Amina. Hata nikilia. Nyungu ni ubishi, mtu anatakiwa avumilie."

Ndiyo maana alipogonga nilimgongea. Ndiyo maana aliposema "Fungua" nilimwambia hajaiva. Hakuwa amesema Amina. Akasema tena, sauti ya chini. Nikaongeza pambio. Akasema mara nyingine, na safari hii sauti haikuwa ya mtu anayebishana na mvuke, ilikuwa ya mtu anayeomba. Niliisikia tofauti. Hapa ndipo ninapotaka kusema ukweli: niliisikia, na bado nikamalizia ubeti.

Kisha pakawa kimya chini ya blanketi.

Nilipofungua, alikuwa ameegemea ubavu, sufuria limemwagikia pembeni, bahati si mwilini. Macho yako wazi. "Umezima taa?" akaniuliza. Ilikuwa mchana, mlango uko wazi. Nikamshika kwapani nimwinue, miguu ikanikatalia yote miwili. Ilikuwa kama matoke yaliyopitiliza jikoni. Nikamburuta mpaka sakafu ya baridi, nikammwagia maji ya mtungi, nikampepea kwa jani la mgomba. Sikuwa na utani hata mmoja. Nilitafuta ndani yangu, sikuupata.

Aliposikia sauti za watu wa ibada barabarani, alinikamata mkono. "Mablanketi uani. Sufuria lioshe. Mama yako asijue."

Mama alipoingia alimkuta kitandani, hawezi kusimama, jicho moja haliioni hata sura yake. "Umerudi," baba akamwambia, akimaanisha ugonjwa. Mama alikaa kitandani na Biblia yake mkononi, kitenge cha kanisani bado kiunoni, mpaka chakula kikapoa.

Kesho yake jicho lilikuwa limefunguka karibu lote, na miguu ilianza kuitika, polepole. Lakini mama alikuwa ameshafunga hesabu kichwani. Kama ugonjwa umemrukia akiwa kwenye dawa, basi dawa imeshindwa. Na kama dawa imeshindwa, kwa nini amsafirishe mgonjwa mpaka Mwanza? Tarehe ya dripu ilikuwa wiki iliyofuata. Alimpigia simu baba mkubwa, kaka yake baba, mfugaji wa kule Isingiro, wilaya ya Kyerwa, aje amchukue akakae kwake.

Nilikwenda chumbani nikapiga magoti kando ya kitanda. "Baba, tumwambie. Ataifuta dripu."

"Ukimwambia nilikaa kwenye mvuke wa majani kisirisiri kama mtoto, hataniamini tena hata nikisema nina kiu." Halafu akasema, bila hasira, "Na ukisema, utasema yote? Na ile ya kuniambia sijaiva?"

Nikainamisha kichwa. Hapo nikaelewa kwamba hakuwa anajificha peke yake. Alikuwa amenificha na mimi chini ya blanketi lile lile.

Siku zile nyumba yetu haikuwa na hewa. Nilikwenda shule nikawa mpole, mwalimu wa zamu akauliza kama nina homa. Nikirudi namsogeza baba, na hakusema tena "sogeza gereza". Alikuwa anainua tu kidole. Usiku silali, kana kwamba mvuke ule ulikuwa umeniingia mimi. Nilijua kabisa: akiruka dripu, wale askari watarudi kutafuna, na safari hii huenda miguu isirudi. Nilijua pia njia ya kulizuia ni sentensi moja. Mimi, ninayetoa sentensi mia kwa dakika moja bila kuombwa.

Baba mkubwa alifika asubuhi ya Jumamosi na gari dogo la kukodi. Mama alikuwa barazani anamenya ndizi, nami nilikuwa nazipokea na kuzitia kwenye maji.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Mbona umekonda mdomo?"

Akakaa, akapewa punje za kahawa ya kutafuna, akazitafuna akiwaza. "Shemeji," akamwambia mama, "kule kwangu kuna nafasi na maziwa yapo. Huyu kijana atakuja naye amwangalie. Shule zipo tu, hata kule zipo." Alilisema kwa upendo. Lakini mimi nilikuwa najua shule ya kijana anayemwangalia mgonjwa kwenye nyumba ya wafugaji: ina pembe, na inakula nyasi.

Baba alikuwa kwenye kiti chake kivulini, ameshavalishwa koti la safari. Alikuwa anaangalia gogo lake la kukanyagia, limeegemezwa ukutani, buibui wamelishona mdomo.

"Ngoja nimuage sista kwanza," mama akasema. "Alikuwa mwema. Si vizuri tupotee tu." Akafuta utomvu mikononi, akapiga simu, akaweka sauti ya nje kwa sababu vidole vyake vilikuwa bado vinanata.

"Sista, shikamoo. Mgonjwa wangu hatakuja. Ugonjwa umemrudia, akiwa kwenye dawa yenu hii hii. Nimeona tusiwasumbue."

"Pole sana, mama. Ulimrudiaje? Ulidumu kwa muda gani?"

"Ghafla tu. Miguu yote, na jicho. Kesho yake kukawa na nafuu."

"Kesho yake?" Sista akarudia. "Alikuwa na homa?"

"Hapana."

"Alikaa juani? Aliogea maji ya moto? Joto lolote?"

"Hapana, sista. Mimi joto namlinda kama yai."

Baba alinitazama. Hakunikataza. Alinitazama tu, na nikaona mkono wake umeshika koti kwenye kifungo, kama mtu anayesubiri kuambiwa avue au afunge. Ndizi niliyokuwa nimeishika ikanitoka ikaanguka kwenye maji, maji yakamrukia baba mkubwa kwenye suruali.

"Alikaa kwenye nyungu," nikasema.

Mama akageuka.

"Jumapili. Nilimchemshia mimi. Yeye alikuwa ndani, mimi nilikuwa mfuniko." Nilitamani kuishia hapo, lakini ulimi ukishafunguka kwangu huwa haufungiki. "Alisema nifungue nikakataa. Nilimwambia hajaiva. Nilisikia kwamba anaomba, nikamalizia ubeti."

Ni simu ndiyo iliyozungumza. "Mama? Mama, uko hewani? Basi sikiliza vizuri. Hilo ni joto. Mishipa iliyokwisha kuumizwa ikipata joto inazimika kwa muda, ikipoa inarudi. Ugonjwa ukishambulia upya, unakaa siku na wiki, hauondoki kesho yake. Kwa ninavyosikia dawa haijashindwa. Dawa imemlinda muda wote huu, ndiyo maana ana miguu ya kuchezea. Mlete siku yake ile ile, daktari amwone kabla ya dripu. Nimeeleweka?"

"Nimekuelewa, sista."

"Na huyo mfuniko, mje naye. Nina maneno naye."

Baba mkubwa alikohoa, kikohozi cha mtu anayemeza kicheko pamoja na kahawa. "Waitu jamani," akasema, "sasa hili gari nimelikodi la nini?"

"La kutupeleka stendi Omurushaka tukakate tiketi za Mwanza," mama akamjibu bila kumtazama.

Baba alianza kufungua vifungo vya lile koti, kimoja kimoja. "Mama watoto," akasema, "nilitaka nimkanyagie binti yangu ndizi. Basi."

Mama alichukua kisu, akamenya ndizi nzima, ganda likatoka refu bila kukatika. Akamtazama baba. Akalitazama gogo na buibui wake. Mimi nilikuwa nahesabu njia za kukimbilia, na zote zilipita mbele yake. Halafu akaninyooshea kisu chenye utomvu, akasema:

"Siku ya ndizi baba yako atachovya mguu wa kwanza, nimemshika mimi, mila ipate chake. Halafu atakaa kwenye kiti, miguu ndani ya karai la maji ya baridi, na wewe utaingia kwenye gogo ukanyage mpaka tone la mwisho, akuonyeshe mwendo. Na kuanzia leo mtu wa nyumba hii akisema 'Fungua', hata akiwa usingizini, unafungua. Na ukithubutu kuimba, nitakukalia mimi."